Mvumo wa Ilimba Si Uchafu

Fundi wa ilimba katika Ugogo hatosheki na sauti safi ya chuma. Akishapanga vyuma juu ya sanduku la mbao na kutoboa tundu la kutolea sauti, huchukua ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, akaubandika tunduni. Kidole gumba kikigonga chuma, hewa ya ndani ya sanduku huutikisa utando, nao hulia mvumo mkavu unaoandamana na kila noti. Kati ya vyuma vinavyopigwa vimo vingine visivyoguswa kamwe, ambavyo kazi yake ni kuitikia vyenzake vinapotetemeka. Kwa hiyo mpigaji mmoja, bila waya wala betri, ana ala yenye sauti yake, mwitikio wake na mkwaruzo wake, na vyote vimepangwa kwa makusudi na mtu aliyejua anatafuta nini.

Naanza na ala hii kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu muziki wa asili na majaribio ya sauti huanzia mahali pasipo pake. Husimuliwa kwamba kulikuwa na ngoma ya mababu, kongwe na isiyobadilika, halafu akaja prodyuza na kompyuta yake, akaifungulia ulimwengu mpya. Katika simulizi hiyo ubunifu wote umekaa upande wa mashine, na upande wa pili yamebaki malighafi. Siikubali hata kidogo. Aliyebandika utando wa buibui juu ya tundu la sanduku alikuwa akifanya majaribio ya sauti, na aliyafanya muda mrefu kabla wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza hawajaanza kununua vifaa vya kukwaruza sauti madukani miaka ya 1960. Wote wawili, mtu wa ngoma na mtu wa studio, ni wajaribu. La kujadili ni sikio la nani linaloamua wakikutana.

Maana mashine nayo ina sikio. Kila kifaa cha studio hutoka kiwandani kikiwa kimeshapangwa. Kinanda kimegawanywa noti 12 zilizopishana kwa nafasi sawa. Programu nyingi za kurekodia ukizifungua tu, zimeshakuwekea mapigo 120 kwa dakika, yakihesabiwa manne manne. Kichuja kelele kimeshaambiwa kwamba sauti ndogo inayovuma baada ya noti ni kasoro ya kuondolewa. Huo ni mpangilio wa kiwandani, mazoea ya watu waliokuwa wakirekodi muziki wao, na kwa muziki wao unafaa sana. Fundi mitambo asiyelijua hilo ataukata mvumo wa ilimba akiamini anaisafisha, na kinachobaki ni vinoti vyembamba vinavyokufa haraka. Mvumo ule ndio uliokuwa unaibeba noti uwanjani ifike kwa mchezaji aliye mbali, na ndio uliokuwa unaiunganisha ala na koo la mwimbaji. Ukiutoa, umewatenganisha wawili waliokuwa wakisemezana.

Suala la noti ni zito zaidi, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Ukikwaruza uzi wa zeze kwa uta, sikio husikia noti moja. Ndani ya noti hiyo zimo nyingine nyembamba, zinazotetemeka kwa kasi mara mbili ya ile ya msingi, mara tatu, mara nne, na kuendelea juu. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyeanza kuzunguka Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba waimbaji wa Kigogo hujenga ngazi yao ya sauti juu ya noti hizo za ndani, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Wakiimba kwa sauti mbili, mmoja huifuata njia ya mwenzake kwa kuruka noti moja katika ngazi hiyo hiyo. Hapo ndipo hutoka ule mwafaka mpana ambao msikilizaji akiusikia mara ya kwanza, Chamwino kwenye Tamasha la Muziki wa Cigogo au kwenye redio nyumbani, huacha anachokifanya.

Sasa ilinganishe ngazi hiyo na kinanda. Gawa nusu toni moja, yaani umbali kati ya noti mbili za kinanda zinazofuatana, katika sehemu 100. Noti ya ndani ya tano iko chini ya mwenzake wa kinanda kwa sehemu 14 hivi. Ya saba iko chini kwa sehemu 31, karibu theluthi nzima ya nusu toni. Sikio halihitaji shule kuisikia tofauti hiyo. Waimbaji wanapozishika noti za ndani barabara, sauti zao hushikamana na kutulia, hazitikisiki zikikutana. Weka kinanda cha kawaida chini yao, na noti ya saba itaonekana imeshuka, ingawa vilivyopanda ni vitufe vya kinanda. Pitisha sauti zao kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji iliyoingia sokoni mwaka 1997, ukiiacha kama ilivyotoka dukani, na kila noti itavutwa hadi kwenye mstari ulio karibu. Maneno yatabaki yale yale na mdundo ule ule. Ugogo utakuwa umeondoka.

Watu wa pwani wameshayaona haya. Kanuni ya taarab ina vidude vidogo vya chuma kando ya nyuzi, ambavyo mpigaji huviinua na kuvishusha katikati ya wimbo ili apate noti zilizo baina ya noti za kinanda. Udi na fidla havina vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole hukaa kinapotaka. Vinanda vya umeme vilipochukua nafasi ya ala hizo, na makundi kama East African Melody yakafungua zama za taarab ya kisasa miaka ya 1990, noti zile za baina zikaanza kupotea moja baada ya nyingine, na waimbaji waliokulia kwenye kinanda wakaanza kuziimba kama kinanda. Sisemi taarab ya kisasa ilikuwa kosa. Iliwapa wanawake sauti kubwa ya hadharani, na iliwafikia watu ambao ukumbi wa taarab asilia haukuwafikia. Ila hasara ile haikuwa ya lazima. Miaka hiyo hiyo vinanda vyenye vitufe vya kushusha noti kwa robo vilikuwa vikiuzwa katika nchi za Kiarabu, na Zanzibar haijawahi kuwa mbali na nchi hizo. Teknolojia ilikuwapo. Waliochagua kinanda walichagua kilichokuwa rahisi kukipata na kukibeba, na hakuna aliyewaonya kwamba pamoja na kinanda walikuwa wakipokea ngazi nyingine ya sauti.

Ukitazama nyuma, mashine za kurekodi zimekuwa zikiukata muziki wetu tangu siku ya kwanza. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alizunguka kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania akiwa na fonografu, mashine ya kale ya kurekodi, na silinda yake ya nta ilibeba dakika chache tu za ngoma ambazo kwa kawaida huchezwa usiku kucha. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri baharini hadi Bombay kurekodi santuri, na upande mmoja wa santuri ulimpa dakika tatu na kitu. Wimbo ambao barazani ungeongezwa beti kila wasikilizaji walipochangamka ulilazimika kuingia humo. Wanataarab walizoea upesi. Walijifunza kuanza karibu na kiini cha wimbo na kumaliza kabla sindano haijafika mwisho.

Hugh Tracey alipita Afrika Mashariki mwaka 1950 na tena mwaka 1952 akiwa na gari la kurekodia. Alirekodi nje, mahali watu walipochezea, jenereta ikiwa imewekwa mbali ili isisikike na waya mrefu ukiburuzwa hadi kwa wanamuziki. Mikrofoni aliishika mkononi. Mwimbaji akianza, aliisogeza kwake. Ngoma zikipamba moto, alizisogelea au kurudi nyuma. Kwa maneno mengine, alikuwa akichanganya sauti kwa miguu yake, na kila rekodi yake ina maoni yake ndani. Nazipenda rekodi hizo, na bila yeye mengi yangepotea. Lakini zikiitwa ushahidi safi wa muziki wa kale, nasita. Tracey alichagua wa kurekodiwa, aliyekaa karibu na mikrofoni na saa ya kukata.

Na wenyeji hawakuwa wamekaa wakimsubiri. Mwaka ule wa 1950, miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, alirekodi wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao kabla ya Tracey. Wasichana walikuwa wamelisikia jina, wamelitamka Kikipsigis, na katika wimbo wao mtu huyo wa ndani ya santuri akawa kiumbe nusu binadamu nusu paa. Gari la kurekodia lilipofika kukusanya muziki wa asili, lilikuta santuri imeshapita, imeshamezwa na imeshazaa wimbo mpya. Rekodi hiyo ikaenda Afrika Kusini, kwenye hazina ya muziki ambayo Tracey aliiasisi mwaka 1954, na miaka zaidi ya 60 ilipita kabla haijarudishwa kijijini, kwa ushirikiano wa hazina hiyo na Ketebul Music ya Nairobi chini ya Tabu Osusa. Baadhi ya walioimba walikuwa wazee. Wengi wa waliosikiliza walikuwa hawajazaliwa siku ile.

Nimekawia kwenye historia kwa sababu inamweka Hukwe Zawose mahali pake. Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere kushiriki katika sanaa za taifa, kisha akahamia Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa. Aliongeza vyuma kwenye ilimba hadi ikawa kubwa kuliko walizozoea wazee wake, na akaongeza nyuzi kwenye zeze. Alikuwa mbunifu wa ala kabla prodyuza yeyote wa Ulaya hajamjua. Ndiyo maana albamu yake "Assembly" ya mwaka 2002, aliyoifanya na Mkanada Michael Brook kwa lebo ya Real World, haifai kusimuliwa kama kisa cha mzee wa kijijini aliyepambwa na studio. Brook ndiye aliyebuni gitaa linaloweza kuishikilia noti bila kikomo. Lisikilize linavyofanya kazi mle ndani: linajaza nyuma ya sauti ya Zawose, linadumu pale ambapo ilimba inafifia, linaitikia. Ni kazi ile ile ya vyuma visivyoguswa. Nadhani Brook alisikia ala ile inafanya nini kabla hajaanza kuongeza chake, na nyimbo zinazofanikiwa zaidi katika albamu hiyo zimefanikiwa kwa sababu hiyo.

Zipo ambazo hazinikolei. Mdundo wa mashine unaposhika usukani na kugawanya wakati katika vipande vilivyo sawa, Zawose analazimika kutembea juu ya reli. Katika ngoma mwendo hupanda pole pole. Mchezaji akizidisha mguu, mpiga ngoma humfuata, na wote wakifika kileleni hukata. Mwendo huo ni sehemu ya utunzi. Ukiweka kidude cha kuhesabia mapigo masikioni mwa mpigaji, umemwambia asimtazame mchezaji. Hapo tena mashine haina hatia. Programu za leo zinaweza kumfuata mpigaji: unarekodi kwanza, kisha unaiambia kompyuta ipime mapigo yake yalivyokwenda, na kila utakachoongeza baadaye kitapanda na kushuka naye. Noti nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 mwanamuziki Khyam Allami, mwenye asili ya Iraki, alishirikiana na kampuni ya Counterpoint kutoa zana za bure za kutungia kwa ngazi yoyote ya sauti utakayo. Mtu anayetaka sintesaiza, ala ya umeme ya kuunda sauti, iimbe noti ya saba ya Kigogo anaweza kuipata jioni moja. Kisingizio kwamba mashine haziwezi kimekwisha.

Kwa mtu anayetaka kujua mambo haya yanafanywaje vizuri, nampeleka Kinshasa, kwa kundi la Konono No. 1. Mingiedi Mawangu alikuwa dereva wa lori, Mzombo kutoka eneo la mpaka wa Kongo na Angola, na alipiga likembe, ndugu yake ilimba. Kinshasa ilikuwa na kelele: magari, baa, vipaza sauti. Likembe isiyo na umeme haikuweza kusikika. Basi yeye na wenzake wakatengeneza mikrofoni kwa sumaku walizozitoa kwenye vipuri vya magari makuukuu, wakaunganisha na vikuza sauti vya kuokoteza na spika za honi zilizobaki tangu enzi za Wabelgiji. Sauti iliyotoka ilikuwa imepasuka vibaya sana kwa kipimo cha studio. Kwa kipimo cha likembe, ilikuwa sawasawa, kwa sababu likembe tangu zamani huwekewa vikuku vya chuma ili ikwaruze. Wakakubali mkwaruzo wa umeme kama mwendelezo wa mkwaruzo wa chuma, wakautunza, wakautungia.

Vincent Kenis, Mbelgiji aliyewarekodi kwa ajili ya albamu ya "Congotronics" iliyotoka mwaka 2004 kwa lebo ya Crammed Discs, alifanya jambo moja la busara kupita yote. Hakuwarekebishia vifaa. Alirekodi sauti ikiwa imeshapita kwenye vikuza sauti vyao na spika zao, kwa vile alielewa kwamba mitambo ile ni sehemu ya ala. Watu wa muziki wa elektroniki wa Ulaya waliposikia, wengi walidhani ni kundi la majaribio la wakati wao. Mingiedi alikuwa amelianzisha miaka ya 1960.

Dar es Salaam ilipita njia ya namna hiyo. Mchiriku wa miaka ya 1990 ulizaliwa kwenye ngoma za Wazaramo, ukachukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wazalishaji wake waliviona kuwa vya watoto, ukavipitisha kwenye spika zilizochoka hadi vikalia kama ulivyotaka mtaa. Singeli ikaja nyuma yake. Katika studio za uswahilini, Sisso ya Mburahati ikiwa mojawapo inayojulikana zaidi, vijana walichukua vipande vya taarab na mchiriku, wakavirudiarudia, wakavikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi, mara nyingine karibu na 300. Baadhi yao walitumia Virtual DJ, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchezea nyimbo za watu wengine, kuwa chombo cha kutungia. Huko ndiko kuivunja amri ya kiwandani. Wenye kusema singeli ni kelele wanafanya kosa lile lile la fundi mitambo na utando wa buibui: wanakiita uchafu kitu ambacho mtunzi amekiweka kwa makusudi. Mkusanyo wa "Sounds of Sisso" ulipotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, masikio ya nje yaliuelewa haraka kuliko redio nyingi za nyumbani, na hilo linaniuma.

Kaskazini mwa Uganda sababu ilikuwa ya mfukoni. Larakaraka ni ngoma ya Waacholi ya uchumba na harusi, inayochezwa kwa vibuyu vinavyogongwa kwa spoku za baiskeli, na inahitaji kundi kubwa. Vita vya muda mrefu viliziacha familia nyingi hazina uwezo wa kuliita. Otim Alpha na Leo Palayeng wakaiingiza ngoma ile kwenye kompyuta, ili maharusi wapate larakaraka hata kama hawana fedha za kuwalipa wapigaji wote. Waliijua ngoma tangu ndani, kwa hiyo kompyuta ilifuata kasi ya vibuyu, na wazee wa harusini walicheza.

Buganda inatoa funzo la namna nyingine, la mahali pa kuweka mikrofoni. Amadinda, marimba ya mbao yenye funguo 12, hupigwa na watu watatu. Omunazi huanza, omwawuzi hupenyeza noti zake katikati ya za mwenzake, na omukoonezi hukaa mwisho kwenye funguo mbili za juu. Kwa mwendo ule wa kasi sikio huacha kuzifuata noti za kila mmoja na kuanza kuzikusanya zilizo karibu kwa urefu wa sauti, ukasikia nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Kubik alijifunza haya kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, na akayaandika. Mtunzi wa Marekani Steve Reich, ambaye jina lake hutajwa kila yanapozungumzwa majaribio ya kurudiarudia vipande vya muziki, alikwenda Ghana kujifunza ngoma mwaka 1970. Ikulu ya Mengo ilikuwa na sanaa hiyo kwa vizazi, hadi jeshi lilipolivamia Lubiri, yaani ikulu hiyo, mwaka 1966 na kuwatawanya wanamuziki wake.

Fikiria sasa fundi mitambo anayempa kila mpigaji mikrofoni yake, kisha akamweka mmoja spika ya kushoto na mwingine ya kulia ili kila kitu kisikike wazi. Kitaalamu amefanya kazi nadhifu. Lakini sikio linapopewa noti kutoka pande mbili huzitenga, na ule wimbo usio na mpigaji huyeyuka. Amadinda na ndugu yake mkubwa wa Busoga, embaire, ambayo funguo zake hulazwa juu ya migomba kwenye shimo lililochimbwa ardhini na wapigaji kadhaa wakazizunguka pande zote mbili, zinataka kurekodiwa pale ambapo sauti zimeshakutana. Albamu ya kundi la Nakibembe ya mwaka 2023 inaanza na embaire yenyewe kabla ya kuruhusu elektroniki za wanamuziki wa Indonesia ziingie, na mpangilio huo ni wa heshima: msikilizaji anafundishwa kwanza kusikiliza shimo.

Hazina za sauti zilizoko ng'ambo nazo zimeanza kuguswa na mikono ya kwetu. KMRU, yaani Joseph Kamaru wa Nairobi, mjukuu wa mwimbaji Mkikuyu mwenye jina hilo hilo aliyefariki mwaka 2018, alitoa kazi iitwayo "Temporary Stored" mwaka 2022, akitumia sauti zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hakuzipambia mdundo wa kuchezea. Amezinyoosha, amezifukia, amezifanya zisikike kama vitu vilivyofungiwa mbali na wenyewe. Si kazi ya kusikiliza ukipika, na watu wengine wataona haina wimbo. Mimi naiona kuwa hoja kamili, iliyotolewa kwa sauti tupu, kuhusu nani aliziweka rekodi zile huko na kwa idhini ya nani.

Idhini ndipo penye udhaifu wetu mkubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi na kutaka kibali kwa matumizi ya kibiashara nje ya mila. Kenya ilitunga sheria yake mahsusi ya kulinda maarifa ya jadi mwaka 2016. Kwenye karatasi tuko vizuri. Lakini sheria ya hakimiliki kwa mazoea yake humtafuta mtunzi mmoja mwenye jina, na rekodi humilikiwa na aliyelipia studio. Mwimbaji wa msunyunho, nyimbo za asili za Wagogo, anaweza kulipwa posho ya siku, sauti yake ikakatwa vipande na kuuzwa ndani ya nyimbo ishirini, na asijue. Kwa hiyo suala la sikio na suala la mfuko haviachani. Anayemiliki kanda mama, yaani rekodi ya kwanza ambayo nakala zote hutoka kwake, ndiye anayeamua kama mvumo utabaki, na ndiye atakayeamua mara ya pili na ya tatu, kila rekodi inapochanganywa upya.

Tuna pia kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilizorekodiwa tangu miaka ya uhuru, zenye bendi, kwaya, taarab na ngoma kutoka pande zote za nchi. Ningependa zifunguliwe kwa vijana wanaotengeneza muziki, kwa utaratibu unaowalipa wahusika au familia zao. Hofu kwamba watazichafua siioni kuwa na msingi. Kijana wa Mburahati anayejua kukimbiza taarab ana haki ya kuisikia taarab ile ikiwa kamili.

Kati ya kazi za karibuni, inayonipa matumaini zaidi ni ya nyumba ile ile ya Bagamoyo. Hukwe Zawose alifariki mwaka 2003. Mwanawe Msafiri alitoa "Uhamiaji" mwaka 2017, sintesaiza na ilimba zikiwa pamoja bila kubanana. Kisha mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakatoa "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens. Kwa Wagogo, muheme ni ngoma ya wanawake: hao ndio huibana kati ya mapaja na kuipiga. Lakini katika makundi yaliyosafiri duniani wanawake wa familia hiyo walikaa nyuma wakiitikia, na wanaume ndio waliosimama mbele ya mikrofoni. Katika "Maisha" sauti mbili za kike zimewekwa mbele, zikifuatana kwa ile ngazi ya noti za ndani, na elektroniki zimeombwa zisogee. Watayarishaji ni Waingereza, na safari hii walikwenda Bagamoyo kurekodi badala ya kusubiri waletewe. Sikiliza mahali ambapo sauti ya Leah na ya Pendo zinashikana bila kutikisika. Hakuna kilichovutwa hadi kwenye mstari.

Hatua iliyobaki ni meza ya kuchanganyia sauti. Karibu kila albamu niliyoisifu hapa, tofauti na singeli na muziki wa Waacholi, ilikamilishwa na mkono wa mgeni mwenye sikio jema, na sikio jema la mgeni ni bahati ambayo haiwezi kupangiwa bajeti. Bagamoyo kuna vijana wanaopiga ilimba na vijana wanaojua kompyuta, na mara nyingi ni kijana yule yule. Anahitaji saa za kutosha studio, spika zinazosema kweli, mwalimu atakayemwonyesha jinsi ya kuufuta mpangilio wa kiwandani na kuweka ngazi ya bibi yake, na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili unaotamka kwamba kanda mama ni yake.